SAUTI INAYOTULIZA MAUMIVU

Mazungumzo ya redioni kwa jamaa waliohama makwao, na kwa viongozi wa vijiji na mitaa

Ninawasalimu ninyi mnaosikiliza mkiwa chini ya shitingi. Ninawasalimu ninyi mliopokelewa katika nyumba za jamaa, watu kumi na wawili katika chumba kimoja. Ninawasalimu pia ninyi mliokaa katika makambi yaliyozunguka mji wa Goma mpaka yalipobomolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, mkarudi mashambani na kukuta nyumba imebaki kuta tu. Kama jirani yako hana redio, mwite aketi karibu nawe, kwa sababu maneno ya leo si ya mtu mmoja.

Katika vipindi vilivyopita tumezungumza juu ya mashamba, juu ya mafarakano ya ardhi, na juu ya namna ya kuwapokea wanaorudi. Leo nataka tuzungumze juu ya maumivu. Sisemi maumivu ya moyo peke yake. Ninasema maumivu ya mwili: mgongo wa mama aliyebeba mzigo na mtoto siku nne akikimbia, kidonda cha risasi ambacho kimefunga lakini bado kinachoma usiku, mguu uliokatwa, tumbo la mwanamke aliyetendewa kwa nguvu. Maumivu haya yako katika kila nyumba, wala hayaulizi mtu ni wa kabila gani.

Swali letu ni hili: sauti, wimbo, ngoma, mtetemo wa chombo, je, vinaweza kupunguza maumivu ya mwili? Au ni maneno ya kuwafariji watu tu wakati dawa hakuna?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mimi ni mwuguzi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Tulimpokea mzee mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya bomu lililozikwa njiani. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri. Lakini mzee alilalamika kwamba vidole vya mguu vinamwasha na kumchoma. Vidole gani? Mguu wenyewe haukuwapo. Tulikuwa na vidonge vya parasetamoli vichache, tena tuliwawekea watoto wenye homa. Mzee alikuwa na likembe yake. Usiku aliweka kisanduku cha likembe juu ya kipande cha mguu kilichobaki, katikati kitambaa, akaanza kubonyeza vyuma kwa vidole gumba. Mimi nilikwenda nikamkemea. Nilimwambia, "Baba, hapa ni mahali pa wagonjwa, si mahali pa mchezo." Alinijibu kwa upole, "Mtoto wangu, kikilia hapa, mguu unanyamaza kidogo."

Nilimnyang'anya likembe. Usiku ule hakulala, na wagonjwa waliokuwa karibu naye hawakulala, kwa sababu aliugua mpaka asubuhi. Kesho yake nilimrudishia. Nilimwona akilala mwanzo wa usiku, masaa mawili au matatu, kisha maumivu yakarudi. Hakupona kwa likembe. Lakini masaa matatu ya usingizi kwa mtu aliyekuwa hana hata moja si kitu kidogo. Baadaye nilisoma na kuuliza, nikajua kwamba mzee yule alijua jambo ambalo mimi nilikuwa sijajifunza.

[Hapa wasikilizaji walisikia mlio wa likembe kwa muda mfupi.]

Ndugu wasikilizaji, tuelewe kwanza sauti ni nini. Sauti ni mtikisiko. Ukipiga ngoma, ngozi inatetemeka. Ngozi inasukuma hewa, hewa inasukuma hewa nyingine, mpaka mtikisiko unafika katika sikio lako. Lakini haufiki sikioni tu. Mkisimama karibu na ngoma kubwa mnaihisi kifuani na tumboni. Hata mtu kiziwi anaihisi kwa miguu, ikiwa ardhi inatetemeka. Fanya jaribio sasa hivi, pale ulipo. Weka kiganja juu ya kifua, funga mdomo, uvumishe sauti nene kama nyuki: mmmm. Unasikia kifua kinatetemeka chini ya mkono? Sauti nene hutetemesha polepole, nayo huingia ndani ya mwili kuliko sauti nyembamba.

Sasa tuelewe maumivu. Mtoto akigonga kiwiko, anafanya nini? Anapasugua. Na mama yake naye anapasugua. Hakuna aliyewafundisha. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza sababu. Walisema kwamba habari ya maumivu haiendi moja kwa moja kutoka kwenye kidonda mpaka kichwani. Inapita katika uti wa mgongo, na pale kuna kitu kama mlango. Mishipa ya fahamu inayoleta habari ya kuguswa, kusuguliwa na kutetemeshwa ikileta habari nyingi, mlango unafungwa kidogo, na habari ya maumivu inapita kwa shida. Tena walisema kwamba kichwa chenyewe kinaweza kutuma amri ya kuufunga au kuufungua mlango huo. Mtu mwenye hofu, mtu asiyelala, mtu aliye peke yake, mlango wake unabaki wazi, na kidonda kilekile kinamuuma zaidi. Tangu wakati ule wataalamu wamesahihisha mambo mengine katika maelezo hayo, lakini shina lake limebaki.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz, waliofanya kazi huko Aberdeen katika Scotland, waligundua kwamba mwili wenyewe unatengeneza dawa yake ya kutuliza maumivu, inayofanya kazi kwa njia inayofanana na morfini. Kumbe Mungu alituwekea duka dogo la dawa ndani ya mwili. Kazi ni kujua namna ya kulifungua.

Je, wimbo unaweza kulifungua? Mwaka 2012 Robin Dunbar wa chuo kikuu cha Oxford huko Uingereza na wenzake walichapisha majaribio yao. Walipima watu wanaweza kuvumilia maumivu kiasi gani, kabla na baada ya muziki. Walioimba, waliocheza na waliopiga ngoma walivumilia zaidi kuliko mbele. Wale waliosikiliza tu bila kushiriki hawakupata faida ileile. Angalieni jambo hilo vizuri. Anayeimba anapata kuliko anayesikiliza. Kwa hiyo maskini asiye na redio wala simu hajanyimwa kitu: koo lake analo, na mikono ya kupiga makofi anayo.

Lakini kusikiliza nako kuna faida yake, hasa kwa mgonjwa aliyelala. Mwaka 2015 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilichapisha kazi ya wataalamu wa Uingereza waliokusanya majaribio zaidi ya 70, yenye wagonjwa karibu 7,000 waliopasuliwa hospitalini. Waliosikilizishwa muziki, ama kabla ya kupasuliwa, ama wakati wa kupasuliwa, ama baadaye, waliona maumivu kidogo kuliko wengine, walikuwa na hofu kidogo, na walihitaji dawa za kutuliza kidogo. Lakini hawakutoka hospitalini upesi kuliko wenzao. Maana yake nini? Muziki haukufunga kidonda. Ulipunguza mateso ya kukaa na kidonda. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu asiwachanganye akili.

Kuna pia wale waliojaribu mtikisiko wenyewe. Katika miaka ya 1980, Olav Skille wa Norwe alitengeneza viti na vitanda vyenye vipaza sauti ndani yake. Mgonjwa analala juu, sauti nene sana inapita katika mwili wake, pamoja na muziki wa polepole. Katika miaka hiyohiyo Thomas Lundeberg wa Uswidi alichunguza namna vyombo vya kutetemesha vinavyoweza kutuliza maumivu ya muda mrefu, hata maumivu ya kiungo kilichokatwa. Wengi walipata nafuu, lakini si wote, na kwa wengine nafuu ilikuwa ya muda. Majaribio juu ya vitanda vile vya sauti bado ni machache, kwa hiyo mtu akija kwenu na mashine akisema inaponya kila ugonjwa, mwulizeni maswali kabla ya kumpa senti moja.

Vitanda vile hatuna. Lakini vyombo vyenye mtikisiko tunavyo tangu zamani za babu zetu. Kuna ngoma. Kuna likembe. Kuna nanga, ambayo wazee wa pande za maziwa haya waliipiga polepole jioni huku wakisimulia. Wale wazee hawakusoma habari ya mishipa ya fahamu. Lakini walijua kwamba mgonjwa haachwi peke yake katika giza na ukimya.

Wasikilizaji wapendwa, tuje nyumbani kwetu. Wengi mnaijua hospitali ya Panzi, pale Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya amani ya Nobel mwaka 2018. Hospitali hiyo imewapokea maelfu ya wanawake walioumizwa kwa kutendewa kwa nguvu. Waganga waliona kwamba mwanamke anaweza kupasuliwa vizuri, kidonda kikapona, lakini akaendelea kuumwa na kutetemeka. Mwaka 2015 ulianzishwa pale mpango wa kuponya kwa muziki, pamoja na shirika la Make Music Matter kutoka Kanada. Wanawake wanakaa pamoja na mtaalamu wa mambo ya moyo na fundi wa muziki. Wao wenyewe wanatunga wimbo juu ya yaliyowapata, wanaupanga, wanauimba, na unarekodiwa. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi juu ya wanawake wa kijijini katika Kivu ya Kusini waliofuata mpango huo. Hofu yao, huzuni yao na kuteswa na kumbukumbu mbaya vilipungua.

Kwa nini wimbo, wakati mwanamke angeweza kueleza kwa maneno ya kawaida? Ninyi akina mama mnajua jibu. Kuna jambo ambalo mtu hawezi kulisema akitazamwa usoni. Lakini akiliweka katika wimbo, na wenzake wakaitikia, halibaki lake peke yake. Na siku wimbo ule unaposikika kijijini, mwanamke yule haitwi tena "yule aliyeharibiwa." Anaitwa "yule aliyetunga wimbo."

Sasa nataka kusema namna ya kufanya katika nyumba zenu. Haya si magumu.

Kwanza, mgonjwa achague mwenyewe. Usimwimbie mgonjwa wimbo unaoupenda wewe. Mwulize: "Mama, unataka upi?" Wimbo wa kanisa, wimbo wa mlima wao, wimbo wa kubembeleza mtoto, au ukimya. Ukimya nao ni haki yake.

Pili, iwe polepole. Wimbo wa kutuliza unakwenda kama mwendo wa moyo wa mtu aliyepumzika. Pumzi ya mgonjwa inafuata wimbo. Ukianza na pumzi yake ya haraka, halafu ukapunguza mwendo kidogo kidogo, naye atakufuata.

Tatu, mfundishe kuvumisha. Aketi au alale vizuri. Avute hewa kwa pua akihesabu mpaka nne, kisha avumishe mmmm, akihesabu mpaka saba au nane. Mkono mmoja kifuani. Afanye hivyo dakika kumi, jioni kabla ya kulala, na tena wakati wa kubadilishiwa kitambaa cha kidonda. Akizunguka kichwa, aache, apumue kama kawaida.

Nne, kwa mtetemo wa chombo, tumieni chombo chepesi kama likembe, au upande wa ngoma inayopigwa taratibu kwa kiganja. Kisiwekwe juu ya kidonda kibichi. Kisiwekwe juu ya mfupa uliovunjika na usioungwa. Kisiwekwe juu ya mguu uliovimba na kuwa moto, wala juu ya tumbo la mwanamke mwenye mimba. Mtu mwenye kifafa aulize kwanza mwuguzi. Na mgonjwa akisema basi, ni basi.

Tano, sauti isiwe kubwa. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye karibu nawe, umbali wa mkono, akusikie, basi muziki huo unaharibu masikio. Vijana wanaofungua vipaza sauti katikati ya mahema mpaka usiku hawamponyi mtu.

Na sasa ninaomba mnisikilize kwa makini. Wimbo si badala ya hospitali. Maumivu ni mjumbe, na wakati mwingine analeta habari ya hatari. Usimnyamazishe mjumbe kabla ya kujua alichokuja kusema. Kama kuna homa pamoja na kidonda kinachonuka, nenda kituo cha afya. Kama tumbo limekuwa gumu, kama kuna damu, kama mwanamke mwenye mimba anaumwa kichwa kikali na macho yanaona giza, nenda, usingoje wimbo uishe. Na mtu yeyote aliyetendewa kwa nguvu, mwanamke au mwanamume, mkubwa au mtoto, afikishwe kwa waganga kabla ya masaa 72 kupita, kwa sababu kuna dawa za kuzuia ukimwi ambazo zinafanya kazi katika masaa hayo tu. Wimbo utamngoja. Dawa haitamngoja.

Tena kuna sauti zinazofufua vita ndani ya mtu. Mtoto aliyekimbia mabomu anaweza kusikia ngoma akajificha chini ya kitanda. Usimcheke, wala usimlazimishe azoee. Anza na sauti ya mdomo, ya mama yake, ya karibu. Ngoma itakuja siku nyingine, akishika fimbo yeye mwenyewe.

Na hapa, waheshimiwa viongozi, ninafika kwenye sehemu yenu. Sauti inayoweza kufunga mlango wa maumivu ndiyo inayoweza kufungua mlango wa chuki. Sisi wa maziwa haya hatuhitaji kufundishwa. Jirani zetu wa Rwanda mwaka 1994 walisikia redio ikipiga nyimbo na kutaja majina ya watu wa kuuawa. Mwimbaji mmoja mwenye sifa kubwa, Simon Bikindi, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, Tanzania, tarehe 2 Desemba 2008, kifungo cha miaka 15, kwa sababu ya maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti njiani, akiwachochea watu waue. Mtu aliyepewa kipawa cha kuwachezesha watu harusini! Kwa hiyo kiongozi asiseme, "Nyimbo ni mambo ya watoto na ya akina mama." Akisema hivyo, ameacha mlango bila mlinzi.

Nitawapa mfano wa jambo nililoliona. Katika kambi moja, watu wa milima miwili tofauti waliwekwa jirani. Makabila sitayataja, mnayajua, na yangeweza kuwa mengine. Usiku mmoja, upande mmoja walifiwa na mtoto. Vijana wao wakaanza kupiga ngoma ya matanga. Upande wa pili, watu waliamka kwa hofu. Katika mlima wao, ngoma ya usiku ilikuwa na maana moja tu: tumeshambuliwa. Wanaume walitafuta panga. Wanawake walianza kufunga watoto mgongoni. Ilibaki kidogo tu damu imwagike juu ya maiti ya mtoto.

Mama mmoja mzee alikataa kukimbia. Alisema, "Miguu yangu imechoka kukimbia ngoma. Acha niende niulize inasema nini." Alikwenda peke yake na taa ndogo. Alikuta mama mwenzake ameshika maiti ya mtoto. Aliketi chini. Alikaa pale mpaka alfajiri, na wale waliokuwa na panga walipomfuata kumtafuta, waliona aibu wakaziweka chini.

Asubuhi ile wazee wa pande zote mbili walikutana katika barza. Walikubaliana mambo manne, nami nimeyaandika ili kila kiongozi anayenisikia ayapeleke kwa watu wake. La kwanza: ngoma haipigwi baada ya saa tatu za usiku, isipokuwa kwa kifo, na kwa kifo mjumbe anatumwa kwanza upande wa pili kutoa habari. La pili: wimbo wenye tusi la kabila lolote hauimbwi, hata kama ni wa zamani, hata kama mwimbaji anasema anatania. La tatu: matanga ni ya wote, kila upande unatuma watu wa kuketi na waliofiwa. La nne, ambalo liliwashangaza wengi: kila upande ulifundisha upande wa pili wimbo mmoja wa kubembeleza watoto.

Huenda kiongozi mmoja anacheka. Wimbo wa kubembeleza utazuia vita? Hapana, ndugu yangu. Vita vinavyoanzishwa mbali, kwa ajili ya madini na madaraka, wimbo wa mama hautavizuia. Sitawadanganya. Lakini mapigano ya jirani na jirani, yale yanayoanza kwa sababu ya bidoni ya maji au ng'ombe aliyeingia shambani, hayo yanaanza mahali watu hawajuani. Mtu uliyemsikia akimbembeleza mtoto wako kwa wimbo wako, ni vigumu kumwita nyoka kesho yake. Katika kambi ile maji yalibaki machache na magomvi yalibaki mengi. Lakini sikuona tena panga zikitolewa usiku kwa sababu ya ngoma.

Waheshimiwa, ninaomba kila mmoja wenu afanye mambo matatu mwezi huu. Tafuteni katika mtaa wenu ni nani wanajua kupiga nanga, likembe na ngoma, hasa wazee, kwa sababu vyombo vingi viliachwa nyumbani wakati wa kukimbia, na wazee wakifa ujuzi unazikwa nao. Ongeeni na mwuguzi wa kituo cha afya, ili wapigaji hao na watu wa kwaya wapate saa moja kila juma ya kuketi na wagonjwa wanaotaka, bila kudai malipo na bila kumhubiria mtu dini asiyoiuliza. Na mwapeni akina mama mahali penye faragha, hata kama ni kona moja iliyozungushwa shitingi, ambapo wanaweza kukutana na kuimba mambo yao bila kutazamwa na wanaume.

Na wewe uliye na maumivu usiku huu, unayesikiliza huku ukiuma meno ili watoto wasisikie, nina neno lako. Kuumwa kwako si uongo, hata kama kidonda hakionekani. Usione aibu kumwita jirani. Anza wimbo mmoja unaoujua tangu utoto. Sauti ikikatika, jirani ataendeleza. Hutaamka kesho ukiwa mzima kwa sababu hiyo. Lakini usiku utakuwa mfupi kidogo, na kesho utapata nguvu ya kutembea mpaka kwa mwuguzi.

Wazee husema, mkono mmoja haulei mwana. Nami ninaongeza kwamba mkono mmoja haupigi makofi pia. Yule mzee wa likembe alirudi kwao kwa magongo mawili, likembe ikining'inia shingoni. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akaniambia nisiwanyang'anye wengine. Tangu siku ile nimejitahidi kushika agizo lake, na leo nimelileta kwenu.

Wasimulieni wale ambao hawakuwapo karibu na redio. Kaeni kwa amani, mlale kwa amani, na amani iamke pamoja nanyi.